Kitengenezwe Kwetu, Kirushwe na Kwao: Kubadilishana Vipindi vya Televisheni za Jamii Marekani

Kipindi chenye urefu wa dakika 31 kinakula saa nzima ya ratiba. Mpangaji wa ratiba kwenye kituo cha televisheni ya jamii, yaani chaneli ya kebo ya wakazi wa mji, kiwe cha Maine au cha Minnesota, hupanga siku yake kwa vipande vya nusu saa. Kipindi kikipita nusu saa kwa dakika moja tu, inambidi atafute cha kujazia dakika 29 zinazobaki. Hana. Basi anakiweka kando na kuchukua kingine kinachoenea. Aliyekituma, akiwa mji wa mbali, anasubiri, hasikii kitu, na mwisho anaamini kwamba amekataliwa kwa sababu ya lugha yake, au mavazi ya watu wake, au mada yenyewe. Mara nyingi hakuna hata mtu aliyefika kwenye mada.

Haya yanaandikwa kwa ajili ya watayarishaji wa Kiswahili walioko Marekani, ambao vipindi vyao vya afya, mapishi, malezi, historia na muziki huishia kwenye mji vilikotengenezwa wakati mji wa pili una Waswahili, Wakongomani na Warundi wengi wenye shida ileile na hamu ileile. Msimamo wangu ni huu: kazi ya kukisafirisha kipindi ni ya mtumaji. Upande wa pili kuna mfanyakazi mmoja au wawili wenye chaneli mbili tatu za kujaza usiku na mchana. Kipindi kikimlazimu kupiga simu, kukata, kushusha sauti au kuuliza wimbo ule ni wa nani, hatakirusha. Kikifika tayari, atakirusha, tena atakirudia mara tatu wiki hiyohiyo, maana ana saa nyingi kuliko alivyo na vipindi.

Kwa nini kipindi hakisafiri chenyewe

Lazima kwanza tuelewe chaneli hizi zilivyozaliwa, kwa sababu ugumu wote unatoka hapo. Manhattan ilianza kuwa na chaneli za wakazi mwaka 1971. Mwaka 1972 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliagiza kampuni za kebo kwenye masoko 100 makubwa zitenge chaneli kwa ajili ya umma, elimu na serikali za mitaa. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ilizitengua kanuni za namna hiyo, ikisema FCC haikuwa na mamlaka ya kuziweka. Bunge likajibu kwa sheria ya kebo ya 1984: mji unapoipa kampuni kibali cha kupitisha nyaya zake, una haki ya kudai chaneli hizo, na unaweza kutoza ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya kampuni yatokanayo na huduma ya kebo katika mji huo. Kampuni, kwa upande wake, haina ruhusa ya kuchagua kinachosemwa kwenye chaneli hizo, ukiacha mambo machache kama picha za ngono.

Kila mji una mkataba wake, kwa hiyo kila mji una kituo chake, fomu zake, mitambo yake na bodi yake. Hakuna makao makuu yanayosambaza. Kipindi cha Burlington hakifiki Portland mpaka mtu akipeleke.

Watu walianza kuvipeleka zamani. George Stoney na Red Burns, waliokuwa na kituo cha Alternate Media Center kwenye Chuo Kikuu cha New York, waliwafundisha vijana kutumia kamera ndogo na kuwatawanya mijini. Hao ndio waliozoea kupelekeana mikanda. Mkanda wa U-matic, wenye upana wa robo tatu ya inchi, ulibeba saa moja. Uliwekwa kwenye boksi pamoja na orodha ya vituo, ukatumwa kwa posta kituo cha kwanza, nacho kikishaurusha kikautuma cha pili, hadi orodha iishe. Kituo kimoja kikiusahau kabatini, wote walio chini ya orodha wanakosa. Na kila ulipopita kwenye vichwa vya mashine mkanda ulichakaa kidogo, hivyo wa mwisho alipata picha yenye mistari na vumbi jeupe. Mwaka 1986 Deep Dish TV, mtandao wa kusambaza vipindi vya jamii, ilikodi muda wa setilaiti: vituo vilivyokuwa na dishi, au vilivyoweza kuiomba kampuni ya kebo ivitegee dishi lake, vilirekodi kipindi kikishuka kwa saa iliyopangwa. Ukichelewa kubonyeza, umekosa. Baadaye zikaja DVD, nazo zikawa na balaa lake: diski ambayo haikufungwa vizuri baada ya kuandikwa haisomeki kwenye mashine nyingine, na karatasi ya jina iliyogandishwa juu yake huivimbisha ikaganda ndani ya mashine.

Leo ni mafaili. Ugumu wa posta umeondoka, na uliobaki ni ule ambao mtumaji anaweza kuumaliza akiwa mezani kwake.

Mfano ulio karibu nasi

Burlington, Vermont, kuna kituo kiitwacho CCTV Center for Media & Democracy, kilichoanzishwa mwaka 1984. Korona ilipoingia mwaka 2020, taarifa za serikali zilitoka kwa Kiingereza na zilibadilika kila wiki. Kituo hicho kikashirikiana na wakalimani na viongozi wa jamii za wahamiaji, kikaanza kurekodi video fupi kwa Kiswahili, Kirundi, Kisomali, Kinepali, Kiarabu na lugha nyingine, msemaji akiwa mtu wa jamii hiyohiyo akizungumza lugha yake mbele ya kamera. Kazi hiyo iliendelea na sasa inaitwa Vermont Language Justice Project. Jimbo lenyewe ni dogo, lakini lina zaidi ya vituo 20 vya jamii vilivyoungana kwenye Vermont Access Network, na vimezoea kupeana vipindi.

Fikiria sasa video ya namna hiyo, tuseme inayoeleza dalili za kisukari, ikitakiwa Lewiston, jimbo la Maine, ambako wako Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili. Dalili ni zilezile. Chakula ni kilekile: ugali, wali, sambusa, soda. Kinachoharibu ni sekunde 20 za mwisho, zinaposoma namba ya simu ya kliniki ya Vermont na kusema “njooni Jumamosi hii.” Sekunde hizo zinakifunga kipindi chote kwenye mji mmoja na wiki moja.

Dawa yake ni kutengeneza miisho miwili tangu siku ya kurekodi. Msemaji amalize kwa namba na tarehe za mji wenu, kisha, kabla hajasimama, amalize tena: “Muulize daktari wako, au piga simu kwenye kliniki iliyo karibu nawe.” Inachukua dakika moja. Ukisubiri umrudishe studio baada ya miezi miwili, amebadilisha nywele, mwanga umebadilika, na pengine amehamia jimbo lingine. Vivyo hivyo ondoa “kesho”, “juma lililopita”, “kama tulivyosema kipindi kilichopita”, na salamu za sikukuu kwenye kipindi ambacho hakihusu sikukuu. Salamu za Idi kwenye kipindi cha mapishi ya pilau zinakifanya kirushwe mara mbili kwa mwaka badala ya mara ishirini.

Vikao vya halmashauri ya mji havisafiri, wala hakuna haja. Mechi za shule hazisafiri sana. Yanayosafiri ni mafunzo, mazungumzo na wazee, historia, ngoma, mapishi, na maelezo ya mambo ya nchi nzima: uraia, kodi, bima ya afya, haki za mpangaji. Hili la mwisho liangalie, kwa kuwa sheria za upangaji hutofautiana jimbo hata jimbo. Mtu wa Ohio akifuata maelezo ya Vermont anaweza kupoteza nyumba. Taja jimbo kwa sauti ndani ya kipindi, mara zaidi ya moja.

Urefu

Kata kipindi chako kiwe 28:30 au 58:30, yaani dakika na sekunde. Sekunde 90 zinazobaki ni za kituo: jina lake, matangazo ya jamii, na utambulisho. Hizo sekunde 90 ni za thamani kubwa kuliko zinavyoonekana. Mtafute mtu wa mji unaopokea, mwalimu, shehe, mchungaji, mama wa kikundi, arekodi utangulizi wa dakika moja kwa simu yake: “Mimi ni wa hapa hapa, kipindi hiki kimetoka kwa ndugu zetu wa Burlington, na kwa hapa kwetu kliniki ni ile ya mtaa fulani.” Kituo kitauweka mbele ya kipindi. Watu hutazama zaidi kipindi kinachokaribishwa na mtu wanayekutana naye dukani, na namba ya simu ya mji wao inapata pa kukaa bila wewe kugusa faili lako.

Usiweke vibao vya rangi na mlio wa majaribio mwanzoni. Vilihitajika enzi za mikanda, fundi alipovitumia kurekebisha mashine. Seva ya leo, yaani kompyuta inayorusha vipindi, inaanza kwenye fremu (picha moja moja ya video) ya kwanza kabisa na kurusha kila ilichokuta, kwa hiyo watazamaji watapigiwa mlio huo dakika nzima. Anza na sekunde moja ya weusi na ukimya, malizia na mbili.

Kama programu yako ya kuhariri inakupa aina mbili za saa ya fremu, chagua ile inayoruka namba (drop frame). Picha ya Marekani ni fremu 29.97 kwa sekunde, si 30 kamili, hivyo saa isiyoruka hupotea sekunde 3.6 kwa kila saa. Kipindi ulichoamini ni 58:30 kitakuwa kimezidi kwa sekunde tatu na nusu, na majina ya watu wako ya mwisho yatakatwa.

Picha, na kamera zilizotoka nyumbani

Umbo linalokubalika karibu kila kituo ni faili la mp4 lenye kodeki (njia ya kubana picha) ya H.264, picha ya 1920 kwa 1080, fremu 29.97 zisizobadilika, megabiti 8 kwa sekunde, na sauti ya AAC yenye sampuli 48,000 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho kipindi cha 28:30 kinakuwa na takriban gigabaiti 1.75. Kabla ya kutuma soma ukurasa wa maelekezo wa kituo, maana wapo wanaotaka MPEG-2, umbo la zamani zaidi.

Neno “zisizobadilika” ndilo linaloumiza wengi. Simu hurekodi kwa kasi inayopanda na kushuka kulingana na mwanga, ili kuokoa betri na nafasi. Ukitazama kwenye simu huoni tatizo. Ukiliingiza faili hilo kwenye uhariri, sauti inaanza sawa na midomo, na kufikia dakika ya 20 mtu anafumba mdomo huku bado anasikika. Tiba ni kulibadili faili kwanza liwe na kasi moja, kwa HandBrake au ffmpeg, programu za bure za kubadili video, ndipo uanze kukata. Ukishakata, umechelewa. Mikutano iliyorekodiwa kwenye Zoom ina ugonjwa huohuo, na mara nyingi huja kwa fremu 25.

Fremu 25 zinatuhusu kwa namna nyingine. Afrika Mashariki hufuata mfumo wa 25, Marekani wa 29.97. Picha ya harusi ya Mombasa au ya soko la Bukavu iliyopigwa kwa kamera ya huko ikiingizwa kwenye kipindi cha Marekani, kompyuta hurudia fremu moja kila baada ya tano ili hesabu itimie, na kamera inapogeuka taratibu picha inakuwa na kigugumizi. Mtu aliyekaa akihojiwa hataonyesha kasoro. Acha kama ilivyo. Sehemu zenye mwendo zitengenezee fremu za kati kwa kutumia uwezo wa programu ya kuhariri, kisha uzitazame zote, kwa kuwa kompyuta ikikosea huchora mikono yenye vidole vilivyoyeyuka.

Bora zaidi mwambie ndugu wa nyumbani, kabla hajapiga picha, aweke simu yake kwenye fremu 30. Lakini hapo kuna mtego wa pili. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, wa Marekani 60. Simu ya fremu 30 ikiachiwa ijiamulie, mara nyingi huchagua kasi ya shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya sekunde moja kwa 60, na chini ya taa za tyubu za Dar es Salaam picha inapepesa kama mshumaa wenye upepo. Kasi ya shata iwekwe moja kwa 50 au moja kwa 100, na kupepesa kutakoma. Programu za kamera zenye kuwekwa kwa mkono huruhusu jambo hili. Kamera ya kawaida ya simu nyingine hairuhusu, na hapo atoke nje au akae karibu na dirisha, azime taa.

Kuhusu maandishi kwenye picha: acha asilimia 5 kila upande, yaani pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini. Halafu kumbuka kwamba sehemu nyingi kampuni ya kebo bado inaonyesha chaneli za jamii kwa picha ya zamani yenye umbo la 4 kwa 3, na mitambo mingine hukata pembeni badala ya kuacha ukanda mweusi juu na chini. Ikikata, katika pikseli 1920 zinabaki 1440 za katikati. Jina la mgeni lililowekwa kwenye kona ya kushoto linabaki “...mani Juma”. Weka majina, namba za simu na maandishi yote muhimu katikati, ndani ya hizo 1440, upungukiwe na urembo kidogo lakini usomeke kila mahali.

Sauti

Kama nguvu zako zinatosha jambo moja, liwe sauti. Mtazamaji huvumilia picha hafifu. Sauti inayomshtua humfanya abadilishe chaneli.

Kiwango cha televisheni Marekani ni -24 kwa kipimo cha ukubwa wa sauti kiitwacho LKFS. Video zilizotengenezwa kwa ajili ya intaneti huwa karibu na -14. Tofauti hiyo ya desibeli 10 ndiyo inayomfanya mtu arukie rimoti kipindi chako kinapoanza, na ndiyo inayomfanya mwenye kituo asikirudie. Kichujio cha loudnorm ndani ya ffmpeg hufanya kazi hii bila malipo:

ffmpeg -i kipindi.mp4 -c:v copy -af loudnorm=I=-24:TP=-2:LRA=11 -ar 48000 -c:a aac -b:a 192k kipindi_tayari.mp4

Usisahau “-ar 48000”. Kichujio hicho hupandisha sampuli hadi 192,000 kinapofanya hesabu zake, na usipoirudisha, sauti ya AAC hutoka na sampuli 96,000. Kompyuta yako itaicheza vizuri kabisa. Seva nyingi za vituo zitalikataa faili, au zitalirusha likiwa bubu.

Kisha vaa hedifoni. Maikrofoni ya kubana kwenye nguo mara nyingi hurekodiwa upande wa kushoto na ile ya kamera upande wa kulia, na mtayarishaji akizisikia pamoja kwenye spika haoni neno. Mtazamaji mwenye televisheni ya spika mbili anamsikia shehe kushoto na mwangwi wa ukumbi kulia. Chukua upande mzuri, uuweke pande zote mbili. Baada ya hapo sikiliza kila kitu kikiwa kimeunganishwa kuwa mkondo mmoja. Waya uliounganishwa kinyume hufanya pande mbili zifutane, na mzee wako anatoweka sauti kabisa kwenye televisheni ndogo ya jikoni, ilhali kwenye hedifoni alisikika safi.

Maandishi ya chini

Kipindi cha Kiswahili kinapokwenda mji wenye watu mchanganyiko, tafsiri ya Kiingereza inakifungulia mlango: majirani wanatazama, na mpangaji wa ratiba anaelewa anachorusha. Tayarisha faili la srt (maandishi yenye saa za kutokea) tofauti badala ya kuyachoma maandishi ndani ya picha, ili kituo kiamue. Ukilazimika kuyachoma, basi manukuu ya wasiosikia yapandishwe juu ya skrini, la sivyo mistari miwili itakaa mmoja juu ya mwenzake na hakuna utakaosomeka.

Mfumo wa zamani wa manukuu ya kebo ya Marekani huchukua herufi 32 kwa mstari, usizidi mistari miwili kwa pamoja. Kiswahili hakina alama juu ya herufi, hivyo hakipotezi chochote kikipita kwenye mfumo huo, lakini maneno yetu ni marefu: “wasingeliwatembelea” limeshakula herufi 19. Kata mahali pa kupumua pa msemaji, usikate palipojaa. Na manukuu yanayoandikwa na kompyuta yasomwe na mtu kabla hayajatoka, hasa majina ya watu, ya dawa, na namba.

Ruhusa

Hapa ndipo vipindi vizuri hufia. Kituo kinaweza kuwa na leseni ya jumla ya kurusha muziki. Leseni hiyo ni ya kurusha tu; haikupi haki ya kuuunganisha wimbo wa mtu na picha zako. Wimbo wa injili uliowekwa chini ya picha za harusi, beti za taarabu mwanzoni, mdundo wa bongo fleva kwenye majina ya mwisho: kila kimoja kinahitaji ruhusa ya maandishi. Kwenye chaneli ya mji wenu pengine hakuna aliyesema kitu. Kipindi kikifika kwenye vituo kumi, na vituo vinane kati yake huweka kila kitu YouTube, mashine ya YouTube inautambua wimbo ndani ya dakika na kukizuia kipindi, na kituo kinapata doa kwa ajili yako. Mpigaji gita au marimba wa jamii yenu akurekodie dakika tatu za muziki wake mwenyewe, mlipe, asaini karatasi. Umepata muziki wa miaka.

Picha za watoto zina uzito wake. Mzazi aliyesaini kwamba mwanawe aonekane kwenye chaneli ya mji wenu hakusaini kwamba aonekane nchi nzima na kwenye intaneti. Kwa familia zilizokimbia vita hili si jambo la fomu: wako watu wasiotaka wajulikane wako wapi. Fomu yako iseme wazi “vituo vingine na intaneti”, na uisome kwa Kiswahili, au kwa Kirundi, au kwa lugha anayoielewa, kabla hajashika kalamu.

Andika barua moja ya ruhusa iende na kipindi. Ieleze mwenye haki ni nani, kituo kinaweza kurusha mara ngapi na hadi lini, kama kinaweza kukiweka kwenye intaneti, na kwamba hakuna ruhusa ya kukata ndani isipokuwa kuongeza utangulizi wao. Kipindi kinabaki mali yako.

Kuhusu wafadhili, kushukuru kunaruhusiwa, kutangaza biashara hakuruhusiwi. “Shukrani kwa duka la fulani, mtaa wa fulani” inapita. Bei haipiti, “njooni mjionee” haipiti, “wa kwanza kwa ubora” haipiti, na picha ya gari likiwa na namba ya punguzo haipiti. Vipindi vya diaspora mara nyingi hufadhiliwa na maduka ya vyakula na ya kutuma pesa, na kosa huwa ni mtangazaji kutaja gharama ya kutuma. Sentensi moja tu hiyo inatosha kukirudisha. Vituo vingi pia havikubali kuchangisha fedha hewani.

Mtu wa kule

Vituo vingi havipokei kipindi cha nje mpaka mkazi wa mji huo akidhamini. Haimaanishi alipe. Anasaini fomu kwamba yeye, mkazi, anaomba kipindi hiki kirushwe na anawajibika kwa yaliyomo. Vingine humtaka awe mwanachama au ahudhurie kikao kimoja cha maelekezo. Kwa hiyo kabla ya kutuma gigabaiti yoyote, tafuta mtu. Anza na jumuiya za Wakongomani au Warundi za mji huo, msikiti, kanisa lenye ibada ya Kiswahili, darasa la Kiingereza la watu wazima. Mweleze kipindi, mtumie akitazame chote, kwa kuwa ndiye atakayesimamishwa sokoni. Kisha yeye, si wewe, apige simu kituoni na kuuliza mambo matatu: fomu ya mdhamini, umbo la faili, na siku ya mwisho ya kupokea kwa ratiba ya mwezi ujao. Simu ya mkazi hupokelewa tofauti na barua pepe ya mgeni.

Kutuma

Jina la faili lisiwe na nafasi, wala alama ya ritifaa. Jambo hili linatugusa: kipindi cha ng'ombe au nyang'au kitakwama kwenye seva nyingine kwa sababu ya kile kialama kidogo. Kwenye jina la faili andika “ngombe”. Kwenye jina la kipindi, kwenye maelezo, andika ipasavyo. Mfano: Ufugaji_wa_Ngombe_S02E05_SW_2830_HD.mp4. Mtu akiliona anajua ni msimu wa pili, kipindi cha tano, Kiswahili, urefu wake na ubora wake.

Pamoja nalo iende karatasi moja ya maelezo: jina la mfululizo, jina la kipindi, urefu hadi sekunde, tarehe ya kutengenezwa, lugha, maelezo ya sentensi mbili kwa Kiingereza na mbili kwa Kiswahili, kama kuna picha zisizofaa watoto, na tarehe ambayo maelezo yake yatapitwa na wakati. Hizo sentensi mbili mpangaji atazinakili moja kwa moja kwenye mwongozo wa vipindi. Akikuta aya sita ataandika “African program” na kuendelea na kazi.

Mahali pa kulipakia ni pengi. Kuna mitandao ya vituo vyenyewe ya kubadilishana, kama PEG Media na TelVue Connect, ambayo kituo chenu huingia kwa niaba yako, nayo ndiyo njia iliyonyooka zaidi, maana vituo vingine hukikuta kipindi vyenyewe bila wewe kuvijua. Kuna Internet Archive, isiyo na malipo, na faili hukaa. Ukiitumia, kumbuka kwamba Internet Archive hutengeneza nakala nyepesi ya kila video, na jina la nakala hiyo mara nyingi huishia na .ia.mp4. Mpokeaji mwenye haraka hupakua hiyo, akarusha picha yenye ukungu, na lawama zikaja kwako. Mtumie kiungo cha faili lenyewe la asili, sio cha ukurasa. Hifadhi za kawaida za mtandaoni nazo zinafaa, ila viungo vyake visiwe na tarehe ya kuisha wiki moja. Mpangaji hupakua anapofika kwenye ratiba, wala si siku ulipomwandikia.

Muda wa kupakia hesabu mapema. Gigabaiti 1.75 kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde ni kama dakika 23. Kwa megabiti 2 ni karibu saa mbili, na ikikatika katikati, huduma nyingine zinaanza upya. Msururu wa vipindi kumi upeleke kwa maktaba au kwa kituo chenu chenye intaneti nzuri. Kituo kikishapakua kiombe kilinganishe ukubwa wa faili na ule uliouandika kwenye karatasi, au alama ya MD5, namba inayobadilika faili likipungua hata kidogo, kama wanaijua. Faili lililopungua mwishoni hufunguka na kucheza vizuri hadi dakika ya 22, ndipo skrini inakuwa nyeusi hewani.

Chaneli za jamii kwa kawaida hazipimwi idadi ya watazamaji, kwa hiyo usiombe takwimu. Omba tarehe na saa za kurushwa, umpe mdhamini wako, naye azitangaze msikitini, kanisani na kwenye makundi ya WhatsApp ya mji ule. Na kipindi kinapopitwa na wakati, sheria ya uraia ikibadilika au dozi ya chanjo ikiwa si ileile, waandikie vituo vyote vilivyokipokea siku hiyohiyo, ukitaja jina la faili kama lilivyo, wakiondoe kwenye seva na kwenye YouTube zao. Ndiyo maana orodha ya waliokipokea, yenye tarehe na jina la aliyesaini, inakaa kwenye folda moja na faili la asili.